Elektrolaiti: je, mkimbiaji wa Ruiru anazihitaji kweli?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi imenibana kama kawaida, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata nawaomba mnivumilie kidogo. Leo naiweka tarakilishi kando (si mbali sana, mtaona) nizungumzie jambo ambalo limezua mzozo katika kikundi chetu cha kukimbia hapa Ruiru. Nazo ni zile pakiti za unga wa elektrolaiti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma hadi chini aende zake kwa amani. Mtu anayekimbia saa moja, saa moja na nusu, hata saa mbili hivi, asubuhi, huku kwetu kati ya Ruiru na Thika, kisha akarudi nyumbani kunywa chai na kula chakula, hazihitaji pakiti zile. Ni pesa za bure. Wapo wachache ambao zinaweza kuwasaidia, nitawataja. Na wapo ambao zinaweza kuwadhuru, nao nitawataja, maana hao ndio walionifanya niandike.

Kisa chenyewe ni hiki. Tunakutana kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, watu ishirini na kitu, tunashika njia ya kando ya barabara kuu ya Thika kuelekea Juja. Mara mojamoja, tukijisikia mashujaa, tunafika hadi Thika mjini, kilomita ishirini hivi, halafu tunarudi na matatu tukinuka jasho na kumkera makanga. Tuliupenda mchezo huu kwa sababu hauna kiingilio. Una viatu? Njoo. Sasa mwezi Februari, joto lilipopanda, mmoja wetu akaleta pendekezo kwenye WhatsApp: kila mtu atume shilingi 800 kwa mwezi kwa M-Pesa, tununue pakiti kwa jumla, moja kwa kila mtu kila Jumapili. Shilingi 200 kwa pakiti. Wengi wakakubali bila kuuliza, kwa kuwa neno "elektrolaiti" lina uzito wa maabara na hakuna anayetaka kuonekana mshamba.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa mjengo, ambaye kusema kweli ndiye mwenye kasi kuliko sisi wote, aliacha kuja. Nilimpigia. Akaniambia, "Bro, mia nane ni kazi ya siku nzima. Siwezi kuinywa." Na mzee wetu, mstaafu tunayemwita Guka, ambaye humeza dawa za presha kila siku, akaanza kunywa pakiti moja kila asubuhi, hata siku ambazo hakimbii, kwa sababu kwenye pakiti pameandikwa kwamba ni kinywaji cha afya.

Hapo nikaona heri nifanye nilichofundishwa chuoni, yaani kabla ya kuongeza kipande kipya kwenye mfumo, uliza kwanza kama mfumo una upungufu.

Elektrolaiti ni nini? Ni madini ambayo yakiyeyuka majini hubeba chaji ya umeme. Katika jasho muhimu zaidi ni sodiamu, na rafiki yake kloridi. Ukiziunganisha hizo mbili unapata chumvi ya kawaida, ile inayovunwa kule Gongoni na Marereni katika kaunti ya Kilifi na kuuzwa kila duka. Potasiamu na magnesiamu zimo pia kwenye jasho, lakini kidogo sana. Kwa hiyo ukiona pakiti inajigamba kwa madini kumi na mawili, jua kwamba kumi na moja hayana kazi kubwa pale barabarani. Tunazungumzia chumvi.

Lita moja ya jasho hubeba wastani wa gramu moja hivi ya sodiamu, sawa na gramu mbili na nusu za chumvi ya mezani. Watu hutofautiana sana: wengine wako chini ya nusu ya hapo, wengine wanakaribia mara mbili. Hao wa mwisho utawajua, fulana yao nyeusi ikikauka hubaki na ramani nyeupe mgongoni.

Mimi nilijipima. Si jambo gumu, linahitaji mizani tu. Unajipima uchi kabla ya kukimbia, unajipima uchi baada ya kukimbia na kujifuta jasho, unaongeza maji uliyokunywa njiani. Jumapili moja ya Machi nilikimbia kilomita 15 kwa saa moja na nusu. Nilianza na kilo 71.4, nikamaliza na 70.3, na njiani nilikunywa mililita 300. Jasho lote basi ni kama lita 1.4. Sodiamu niliyopoteza, nikitumia ule wastani, ni gramu 1.4.

Ni nyingi au ni kidogo? Hapa ndipo wauzaji hukimbilia kusema "umepoteza miligramu 1,400!" na kuacha nambari ikae hewani. Nambari bila kitu cha kulinganishia ni kelele. Tulinganishe basi. Figo zako huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na ndani yake mna zaidi ya nusu kilo ya sodiamu. Ndiyo, nusu kilo, kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini na kiasi kidogo tu, chini ya asilimia moja, ndicho hutoka kwa mkojo. Ukipoteza gramu moja na ushei kwa jasho, homoni iitwayo aldosteroni huziambia figo zibane mkono, na hata tezi za jasho zenyewe hupunguza chumvi zinayotoa. Kisha unafika nyumbani unakula chapati mbili, mayai na kachumbari, na deni limelipwa kabla ya saa nne. Wakenya wengi, tukisema ukweli, tunakula chumvi kupita kiasi na si chini ya kiasi.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwangu ndilo kiini cha hoja yote, ni kwamba jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Damu ina kama milimoli 140 za sodiamu kwa lita, jasho kama 45. Ina maana ukitoka jasho unapoteza maji mengi kuliko chumvi, na damu inayobaki inakuwa na chumvi ZAIDI, si pungufu. Ndiyo maana unaona kiu. Kiu ni kihisi kilichomo ubongoni kinachopima ukolezi wa damu na kulia mapema sana, damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu. Waliosoma somo la mifumo ya udhibiti watakumbuka yale mambo ya mrejesho. Huu ni mfumo wa mrejesho ambao umefanyiwa majaribio kwa mamilioni ya miaka, na sisi tunataka kuubandika kiraka cha shilingi mia mbili.

Niliandika programu ndogo kwa Python, mistari kumi na minane, nione nambari zinavyocheza. Nimechukua mtu wa kilo 70, mwenye lita 42 za maji mwilini na ukolezi wa 140. Nimezima figo kabisa, hakuna kukojoa, ili hesabu iwe rahisi na kali. Nimemtoa jasho langu la lita 1.4 lenye chumvi na potasiamu ya wastani. Akinywa mililita 300 za maji matupu kama mimi, sodiamu ya damu inaishia 142. Imepanda. Hahitaji chumvi, anahitaji maji, na kiu itamwambia.

Sasa mwambie huyo huyo anywe lita tatu za maji kwa saa moja na nusu, kwa sababu mtu fulani alimwambia "kunywa kabla hujaona kiu". Sodiamu inashuka hadi 133. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi chini ya 135. Na je, badala ya maji akinywa lita tatu za kinywaji cha michezo cha kawaida, chenye milimoli 20 za sodiamu kwa lita? Inashuka hadi 134.8. Bado iko chini ya mstari! Kinywaji kile kimeokoa kidogo sana, kwa sababu chenyewe ni chepesi kuliko jasho, sembuse damu. Tatizo ni wingi wa kilichonywewa, aina yake haibadilishi mengi.

Na hili si la kwenye tarakilishi tu. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, mkimbiaji mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo: sodiamu ya damu ilishuka, maji yakaingia kwenye chembe za ubongo, ubongo ukavimba. Alikuwa akinywa kinywaji cha michezo njia nzima. Mwaka huo huo watafiti walikuwa wamewapima damu wakimbiaji 488 pale pale Boston, na matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini, na watatu walikuwa 120 au chini, hali inayoweza kuua. Nani walikuwa hatarini? Walioongezeka uzito wakati wa mbio (fikiria, unakimbia kilomita 42 na unamaliza ukiwa mzito zaidi!) na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Aina ya kinywaji haikuleta tofauti. Daktari Tim Noakes wa Afrika Kusini alikuwa akipiga kelele juu ya jambo hili tangu visa vya mbio za Comrades miaka ya themanini.

Mtaniuliza, je, wale mabingwa wetu wanatumia nini? Swali zuri, na jibu lake limepatikana karibu na hapa kuliko mnavyodhani. Ukitoka Nairobi, kabla hujafika Ruiru, unapita Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa. Vincent Onywera wa chuo hicho, pamoja na wenzake akiwemo Yannis Pitsiladis aliyekuwa Glasgow, walichapisha mwaka 2004 utafiti uliofuatilia chakula cha wanariadha kumi wa masafa marefu wa Kikalenjin kwa siku saba. Kila kilicholiwa kilipimwa. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na vyakula vya wanga, ugali ukiongoza. Na vinywaji? Kama lita moja ya maji kwa siku, na zaidi kidogo ya lita moja ya chai ya maziwa. Basi! Chai! Mwaka 2008 timu hiyo hiyo ya watafiti ilichapisha tena, safari hii wakiangalia hasa maji mwilini: wanariadha hao walikunywa kadiri walivyotaka wenyewe, mara nyingi bila kunywa chochote wakati wa mazoezi, na siku baada ya siku miili yao ilibaki sawa.

Haile Gebrselassie, jirani yetu wa Ethiopia, alishinda marathoni ya Dubai mwaka 2009 kwa 2:05:29. Watafiti walikadiria kwamba alipungua karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa jasho siku hiyo. Sisemi umuige, mimi mwenyewe siwezi. Nasema tu kwamba ile hadithi ya "ukipungua asilimia mbili umekwisha" haikumfikia Haile.

Kuna anayenijibu: lakini Kipchoge huchukua chupa zake njiani, kila mtu ameona. Kweli. Alipokimbia Vienna mwaka 2019 kwa 1:59:40 alikuwa akipewa kinywaji kila baada ya muda. Ila angalia kilichomo. Kinywaji cha Maurten, kampuni ya Uswidi anayoitumia, kile kizito zaidi kina gramu 80 za wanga katika nusu lita. Mkimbiaji wa kasi ile kwa saa mbili anahitaji mafuta ya injini, na mafuta yenyewe ni sukari. Chumvi pale ni abiria. Tukichanganya mambo haya mawili ndipo tunapouziwa chumvi kwa jina la Kipchoge.

Na misuli kukaza? Hapa kikundi kilinishambulia kweli kweli, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya kushikwa na msuli wa mguu pale Juja na kuokolewa na pakiti. Mwaka 2011 Martin Schwellnus na wenzake walichapisha utafiti wa washindani 210 wa mashindano ya Ironman huko Afrika Kusini. Waliwapima damu. Waliokaza misuli na wasiokaza hawakuwa na tofauti ya maana katika elektrolaiti wala katika kupungukiwa maji. Kilichowatofautisha ni kwamba waliokaza walikuwa wamekimbia kwa kasi kubwa, na walikuwa na historia ya kukaza misuli. Yaani msuli umechoka, umesukumwa kuliko ulivyozoea. Kuna hata lile jaribio maarufu la mwaka 2010 la maji ya achari: watu walikazwa misuli kwa umeme, wakanywa, na mkazo ukaachia mapema mno kiasi kwamba chumvi haikuwa na muda wa kufika kwenye damu. Inaelekea ile ladha kali kooni ndiyo hushtua mishipa ya fahamu. Kwa hiyo jamaa aliyeokolewa na pakiti pale Juja huenda aliokolewa na kusimama dakika tano akiichanganya. Sikatai kwamba mtu anayetoka jasho jingi lenye chumvi kwa saa nyingi anaweza kukazwa kwa sababu ya chumvi. Nasema huyo si wewe wa saa moja na nusu.

Sasa turudi kwenye uwanja wangu, teknolojia, kwa sababu nasi watengeneza programu tuna mkono katika biashara hii. Gatorade ilibuniwa mwaka 1965 na Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida kwa ajili ya timu yao ya kandanda ya Kimarekani, watu waliovaa kofia ngumu na mavazi mazito katika joto la Florida. Tatizo lao lilikuwa la kweli. Lakini bidhaa ikishatatua tatizo la watu hamsini, kampuni hutaka kuiuza kwa milioni hamsini, na hapo ni lazima tatizo nalo likuzwe. (Lucozade ilikwenda njia hiyo pia: ilianza mwaka 1927 Uingereza kama kinywaji cha wagonjwa, na wengi wetu tuliijua kama zawadi ya kupelekea mtu hospitalini kabla haijavaa viatu vya michezo.) Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi mrefu wa vinywaji hivi. Watafiti wa Oxford walikusanya madai 431 ya kuongeza uwezo wa mwili kuhusu bidhaa 104, wakafuata ushahidi nyuma ya kila dai. Tafiti zilizokuwa na ubora wa juu zilikuwa tatu. Tatu! Mimi nikikabidhi kazi yenye majaribio ya namna hiyo, mkuu wangu ataniuliza kama nilikuwa nimelala.

Leo tumeongeza vifaa. Marekani, tangu mwaka 2021, Gatorade imeuza kibandiko unachobandika mkononi, unakimbia, kisha unakipiga picha kwa simu na programu inakuambia jasho lako lina sodiamu kiasi gani. Garmin nao wana saa zinazokadiria jasho ulilotoka. Kama mhandisi navipenda vifaa hivi, nitakuwa mwongo nikisema sivyo. Ila tazama kinachofuata baada ya kipimo: programu haisemi kamwe "leo huhitaji kitu, kanywe chai". Daima kuna cha kununua. Programu iliyoandikwa na muuzaji ina tawi moja tu kwenye "kama". Na zile kengele za simu za kukuambia unywe maji kila dakika kumi na tano ni mbaya zaidi, kwa sababu zinazima kihisi bora ulichonacho na kuweka saa mahali pake. Ni kama kuondoa kipima-joto kwenye jokofu na kuliambia lifanye kazi kwa ratiba ya matatu.

Kuna kitu kimoja kinachonikera zaidi. Dawa halisi ya elektrolaiti, ile iliyookoa watoto wengi duniani, inauzwa kila kemisti hapa Ruiru kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na pakiti za michezo, na katika vituo vya afya vya serikali wengi wetu tulipewa utotoni. Nazungumzia ORS. Sayansi yake ni tamu: miaka ya sitini iligunduliwa kwamba utumbo hufyonza sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, kama watu wawili wenye tiketi moja, na maji hufuata nyuma. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, kipindupindu kikiwa kimezidi na maji ya mishipa yakiwa yamekwisha, na vifo vikashuka. Pakiti ya Shirika la Afya Duniani ya tangu mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti, kwa lita moja ya maji. Hiyo ni sodiamu milimoli 75 kwa lita, karibu mara nne ya kinywaji cha michezo cha kawaida! Haina picha ya mwanariadha juu yake na ladha yake ni mbaya, ndiyo maana haina mashabiki. Mtoto akiharisha, hapo elektrolaiti si mjadala. Mpe, na umpeleke kliniki.

Ni nani basi anayehitaji chumvi akiwa kwenye mazoezi au kazini? Nilirudi kwa ile programu yangu. Nilimtoa mtu jasho saa tano, lita moja kila saa, jasho la chumvi nyingi karibu mara mbili ya wastani, na nikamrudishia kila tone kwa maji matupu. Akaishia 130. Hapo kuna tatizo. Lakini nilipompa lita tatu badala ya tano, kama ambavyo kiu ingemfanya, akabaki 136. Kwa hiyo yupo mtu wa kweli ambaye chumvi ni muhimu kwake: anayekimbia marathoni nzima ya Lewa jua likiwaka kwa saa tano, anayeendesha baiskeli kutoka Thika hadi Garissa, na kuliko wote, wale vijana wa machimbo ya mawe kule Ndarugo, wanaopasua mawe juani kutwa nzima. Huyu wa machimbo ndiye mwanariadha wa kweli wa eneo letu na hakuna aliyemletea tangazo lolote. Lakini hata yeye, akipata mapumziko ya saa saba na sahani ya githeri iliyotiwa chumvi, amekwisha kupata alichopoteza. Mkienda Mombasa, ambako jasho halikauki, muda huo ufupisheni kidogo. Na madafu mtakayokunywa huko ni matamu na yana maji na sukari kidogo, ila sodiamu si sifa yao, sifa yao ni potasiamu. Yanyweeni kwa raha tu.

Kwa Guka mambo ni tofauti kabisa. Pakiti zetu zimeandikwa miligramu 1,000 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Yeye amekunywa nusu ya kiwango hicho kabla hajagusa mkate, siku ambayo hakutoka jasho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu Mkenya mmoja kati ya wanne walio watu wazima ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwahi kupimwa. Basi katika kikundi chetu cha watu ishirini na kitu fanya hesabu mwenyewe. Nilikwenda kwake Jumatano jioni, nikamsomea maandishi madogo ya nyuma ya pakiti kwa kuwa miwani yake haiyafikii. Alinyamaza, akaniuliza, "Kwa hivyo daktari ananipa dawa ya kuondoa chumvi, na nyinyi vijana mnaniuzia chumvi?" Sikuwa na la kuongeza. Amekubali kuipeleka pakiti kliniki siku yake ya kupimwa presha imwonwe na wanaojua kuliko mimi.

Hesabu ya mwisho niliyoituma kwenye WhatsApp ilikuwa hii. Miligramu 1,000 za sodiamu ni gramu mbili na nusu za chumvi. Kilo moja ya chumvi inatosha pakiti 400. Pakiti 400 kwa bei yetu ni shilingi 80,000. Kilo ya chumvi dukani haifiki hata nusu ya bei ya pakiti moja. Kulikuwa na kimya cha kama dakika kumi, halafu mweka hazina akaandika kwamba mchango wa mwezi huu umesitishwa hadi tukutane. Bado kuna wawili wanaosema watajinunulia zao, na hiyo ni haki yao, mradi isiwe tena sharti la kuja.

Kijana wa mjengo nimempigia, amesema Jumapili hii yupo. Tunaanzia Kamakis saa kumi na mbili kamili, kila mtu na chupa yake ya maji, na tukirudi kuna nyama choma pale pale kwa anayeweza. Chumvi wameirundika kwenye ubao kando ya nyama, haina malipo. Programu yangu nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaisafisha. Nimeomba kwanza rafiki yangu muuguzi wa Thika anisaidie kuziwasha figo.